Mlima na Bahari: Mzigo wa Usalama wa India Inayoinuka

India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, silaha za nyuklia, na uchumi ulio miongoni mwa chumi kubwa zaidi duniani. Mwaka 1991 hali ilikuwa nyingine kabisa. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imebaki ya kulipia bidhaa za wiki chache tu, na serikali ikalazimika kuweka rehani karibu tani 47 za dhahabu katika benki kuu za Uingereza na Japani ili ipate mkopo. Kati ya rehani ile na utajiri wa leo kuna umri wa kizazi kimoja. Maadui waliokuwapo wakati wa ufukara hawakuondoka utajiri ulipokuja, na utajiri wenyewe umezaa vitu vipya vya kulinda: njia za meli, visima vya mafuta vilivyo ughaibuni, mitambo ya kompyuta, mamilioni ya raia wanaofanya kazi nchi za nje. Ugumu wa usalama wa India uko hapo. Riziki yake hupita baharini, upande wa kusini, lakini askari wake na hazina yake huvutwa kila mara kaskazini, kwenye milima.

Mgogoro wa kwanza nchi hiyo ilizaliwa nao. Uhuru wa Agosti 1947 ulikuja pamoja na kugawanywa kwa nchi, na kabla ya mwaka kwisha India na Pakistan zilikuwa vitani zikigombea Kashmir. Mtawala wake, Maharaja Hari Singh, alitia saini ya kujiunga na India tarehe 26 Oktoba 1947, wapiganaji kutoka upande wa Pakistan wakiwa wameshaukaribia mji wa Srinagar. Mapigano yalisimamishwa tarehe 1 Januari 1949, na mstari uliobaki pale majeshi yalipokomea, pamoja na marekebisho madogo ya baadaye, ndio unaoigawa Kashmir hadi leo.

Vita vya 1971 ndivyo vilivyobadilisha mbinu. India ilisaidia Pakistan ya Mashariki kujitenga na kuwa Bangladesh, na watu wapatao 93,000 wa upande wa Pakistan, wengi wao askari, wakachukuliwa mateka. Majenerali wa Pakistan walijifunza kwamba katika uwanja wa wazi hawataishinda India. Kuanzia hapo walishika njia mbili: kutafuta bomu la nyuklia, na kuyalea makundi ya wapiganaji wa siri. Njia ya kwanza ilikamilika Mei 1998. India ilifanya majaribio yake Pokhran tarehe 11 na 13, na kabla ya mwezi kuisha Pakistan ikajibu kwa majaribio yake milimani Baluchistan. Bomu likawa mwavuli, na chini yake makundi yakapata nafasi ya kushambulia yakijua kwamba India itaogopa kujibu kwa vita kamili.

Swali ambalo watunga sera wa Delhi wamelihangaikia kwa robo karne ni hili: unamwadhibu vipi jirani mwenye bomu bila kuliamsha bomu lenyewe? Baada ya Bunge kushambuliwa Desemba 2001, jeshi kubwa lilisogezwa mpakani, likakaa miezi kumi, likarudi bila kupigana. Septemba 2016, baada ya askari kuuawa kambini Uri, Kashmir, vikosi maalumu vilivuka mstari usiku na kurudi. Februari 2019, baada ya askari 40 wa kikosi cha akiba cha polisi kuuawa Pulwama kwa gari lililojazwa mabomu, ndege za India zilipiga Balakot, ndani kabisa ya Pakistan. Kisha tarehe 22 Aprili 2025 watu 26, karibu wote watalii, waliuawa kwa risasi katika uwanda wa nyasi wa Pahalgam, huko Kashmir. India ilipiga tarehe 7 Mei, na kwa siku nne nchi mbili zenye nyuklia zikarushiana makombora na makundi ya droni kabla ya mapigano kusimamishwa tarehe 10.

Ukizipanga hatua hizo, kila moja inakwenda mbali kuliko iliyotangulia. Serikali ya India inauona mwenendo huo kuwa ushindi, kwa maana mwavuli wa Pakistan umetobolewa. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina kasoro ambayo haisemwi vya kutosha: nchi iliyoahidi kujibu kila shambulio kwa nguvu zaidi imewapa wauaji wachache uwezo wa kuichagulia siku ya kuingia vitani. Mwaka huohuo India ilitangaza kuusimamisha Mkataba wa Maji ya Indus wa 1960, mkataba ambao ulikuwa umestahimili vita vyote vya nyuma. Maji ya mashamba ya Pakistan yakaongezwa kwenye ugomvi ambao tayari ulikuwa na nyuklia.

China ni suala la uzito mwingine. Pakistan ni ndogo kuliko India kwa kila kipimo. China ina uchumi mkubwa mara kadhaa kuliko wa India, na inatumia fedha za ulinzi zaidi ya mara tatu. Mpaka wa nchi hizo, ambao India huuhesabu kuwa na kilomita 3,488, haujawahi kuchorwa kwa makubaliano. Vita vya Oktoba na Novemba 1962 viliiacha India na aibu ambayo wazee wake hawajaisahau, kwani majeshi ya China yalishuka, yakapiga, kisha yakarudi yenyewe upande wa mashariki baada ya kuonyesha yanachoweza.

Baadaye, kwa miongo kadhaa, amani ililindwa kwa desturi na mikataba iliyowazuia askari wa doria kutumia bunduki. Jinsi ulinzi huo ulivyokuwa mwembamba ilionekana usiku wa tarehe 15 Juni 2020 katika bonde la Galwan, Ladakh, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Askari wa India walikwenda kuhakikisha kwamba wenzao wa China wameondoka mahali walipokubaliana waondoke. Ugomvi ukazuka kwenye ukingo mwembamba juu ya mto, gizani, katika baridi kali. Walipigana kwa mawe, kwa ngumi, kwa virungu na vyuma vilivyopigiliwa misumari, na baadhi wakaangukia mto wa maji ya barafu. Ishirini wa upande wa India walikufa, akiwamo kanali aliyewaongoza. China ilikuja kukiri vifo vinne miezi minane baadaye. Mataifa mawili yanayorusha vyombo mwezini yalikuwa yamepigana kama watu wa kabla ya baruti, kwa sababu yote mawili yalijua risasi ya kwanza ingefungua nini.

Galwan iliigharimu India zaidi ya maisha hayo. Makumi ya maelfu ya askari walipelekwa Ladakh na wakabaki huko msimu wa baridi baada ya mwingine, pamoja na vifaru, mizinga na nyumba za kuwahifadhi. Oktoba 2024 pande mbili zilikubaliana kuhusu doria katika maeneo ya Depsang na Demchok, na viongozi wao wakakutana tena, lakini majeshi yaliyosogezwa karibu hayajarudi nyuma kama zamani.

Gharama ya kumweka askari mlimani yaonekana wazi zaidi Siachen, barafu ambayo India iliikalia Aprili 1984 ili kuiwahi Pakistan. Baadhi ya vituo vyake viko juu ya mita 6,000. Hewa ni nyembamba, mwili hauponi kidonda kirahisi, na baridi hushuka hadi nyuzi 50 chini ya sifuri. Chakula, mafuta ya taa, risasi, hupandishwa hasa kwa helikopta. Februari 2016 poromoko la theluji lilikifukia kituo cha askari kumi. Waokoaji walichimba siku sita, wakamkuta mmoja angali hai chini ya mita kadhaa za barafu. Alifia hospitalini Delhi baada ya siku chache. Tangu 2003 hakujawa na mapigano ya kawaida Siachen, na hata kabla ya hapo hali ya hewa ilikuwa imeua wengi kuliko risasi. Hakuna upande uliokubali kushuka, kwa hofu kwamba mwenzake atapanda.

Hofu kubwa ya makamanda wa India ni Pakistan na China kuungana. Mei 2025 ilionyesha kwamba jambo hilo limekwisha kuanza bila China kurusha hata risasi moja. Pakistan ilipigana kwa ndege za kivita na makombora ya China, na naibu mkuu wa jeshi la nchi kavu la India alisema hadharani miezi miwili baadaye kwamba China ilikuwa ikiipa Pakistan taarifa za papo hapo kuhusu mienendo ya vikosi vya India. Mkuu wa Majeshi wa India naye alikiri kwamba ndege zilipotea, bila kutaja idadi. Uwanja wa vita wa Pakistan umekuwa mahali ambapo silaha za China hujaribiwa dhidi ya India.

Na wakati huohuo India hainunui kwa nchi yoyote kama inavyonunua kwa China. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 pengo la biashara kati yao lilikuwa takriban dola bilioni 99. Viungo vya dawa ambazo India huziuzia dunia, vipuri vya simu, sumaku za injini za magari ya umeme, vingi vyatoka kwa jirani yuleyule ambaye mpaka unalindwa dhidi yake. Kuifungia TikTok na programu nyingine 58 mwaka 2020 ilikuwa ishara. Haikugusa kiini cha utegemezi huo.

Ndani ya nchi mambo yamekwenda pande mbili. Uasi wa Wanaksali, wakomunisti waliolipata jina lao kutoka kijiji cha Naxalbari walikoanzia mwaka 1967, ulikuwa umeenea katika misitu ya mikoa ya kati kiasi kwamba Waziri Mkuu Manmohan Singh aliuita mwaka 2006 changamoto kubwa kuliko zote za usalama wa ndani. Aprili 2010 waliwaua askari 76 kwa shambulio moja Dantewada. Leo uasi huo umebanwa kwenye vipande vichache vya msitu, na kiongozi wake mkuu aliuawa Mei 2025. Barabara, minara ya simu na vituo vya polisi vilifanya kazi kubwa. Lakini malalamiko ya Waadivasi, wenyeji wa misitu hiyo ambao ardhi yao ina makaa ya mawe na chuma, yangalipo hata bunduki zikinyamaza.

Kaskazini-mashariki habari ni tofauti. Tangu tarehe 3 Mei 2023 jimbo la Manipur limepasuka kati ya Wameitei wa bondeni na Wakuki wa vilimani. Zaidi ya watu 200 wameuawa, makumi ya maelfu wamehama, na maelfu ya bunduki ziliporwa katika maghala ya polisi. Ng'ambo ya mpaka iko Myanmar, yenye vita vyake tangu mapinduzi ya Februari 2021. Eneo lote hilo limeunganishwa na India nyingine kwa uchochoro wa Siliguri, ambao penye wembamba zaidi una upana wa kilomita 20 hivi. Taifa lenye manowari za kubeba ndege limeshindwa kwa muda mrefu kuwafanya watu wa jimbo lake moja wapite barabara moja kwa usalama. Sheria ya 1958 inayowapa wanajeshi mamlaka maalumu na kinga ya kutoshtakiwa bila idhini ya serikali kuu imetumika huko kwa miongo kadhaa, na ni vigumu kuonyesha kwamba imejenga amani. Kashmir nayo, tangu hadhi yake maalumu ilipofutwa tarehe 5 Agosti 2019, imekuwa na watalii wengi zaidi na maandamano machache zaidi. Pahalgam ilithibitisha kwamba utulivu huo si sawa na maafikiano.

Bahari ndiyo inayobeba maisha ya nchi. Zaidi ya asilimia 85 ya mafuta ghafi hutoka nje, na sehemu kubwa ya hayo hupita Mlangobahari wa Hormuz. Biashara ya nje, kwa ujazo, karibu yote husafiri kwa meli. Na bahari ndiyo mlango uliosahauliwa hadi ulipoingiliwa. Novemba 2008 vijana kumi waliotoka Karachi waliiteka baharini mashua ya wavuvi wa India, Kuber, wakawaua mabaharia wake na kumlazimisha nahodha awafikishe karibu na Mumbai, kisha wakamuua naye. Usiku wa tarehe 26 walishuka kutoka mtumbwi wa mpira kwenye ufuko wa wavuvi, Cuffe Parade. Wavuvi waliwaona wakiwa na mabegi mazito, wakawauliza ni akina nani, wakajibiwa kwa ukali. Makomandoo wa kitaifa walitoka karibu na Delhi na kufika asubuhi iliyofuata. Mapigano yaliendelea hadi tarehe 29, na watu 166 walikufa. Nchi yenye maelfu ya kilomita za pwani ilikuwa imewaachia wavuvi kazi ya kuilinda.

Baada ya hapo rada ziliwekwa pwani na wanamaji wakapewa dhamana ya usalama wa bahari yote. Uwezo umekua kweli. Machi 2024 manowari za India na makomandoo walioruka kwa miavuli kutoka ndege waliikomboa meli Ruen iliyotekwa na maharamia wa Kisomali, baada ya operesheni ya saa 40 umbali mkubwa kutoka pwani ya India. Mabaharia 17 walitoka salama na maharamia 35 wakakamatwa. Lakini China nayo ina kambi Djibouti tangu 2017, ina bandari ya Hambantota nchini Sri Lanka kwa mkataba wa miaka 99, ina mkono katika bandari ya Gwadar, na inaunda manowari kwa kasi ambayo viwanda vya India haviikaribii. India imejibu kwa kujenga uwanja wa ndege na gati katika kisiwa cha Agaléga cha Mauritius, na kwa kutafuta marafiki kwenye ukingo wa Afrika wa bahari hiyo.

Kinachokwamisha ni mfuko. Jeshi la nchi kavu, lenye askari wapatao milioni 1.2, huchukua zaidi ya nusu ya fedha za vikosi vitatu, na wanamaji hupata kidogo kuliko wote. Pensheni peke yake humeza karibu robo ya bajeti ya ulinzi. Mpango wa Agnipath wa 2022, wa kuajiri vijana kwa miaka minne na kubakiza robo yao tu, ulikusudiwa kupunguza mzigo huo, nao ukaleta ghasia na kuchomwa kwa mabehewa ya treni katika majimbo ambako kazi ya jeshi ndiyo ajira ya maana kwa mtoto wa mkulima.

Viwanda vya silaha navyo vimechelewa kuliko inavyokubalika kwa nchi yenye wahandisi hodari kiasi hicho. Mradi wa ndege ya kivita Tejas ulianza mwaka 1983, ndege ikaruka mara ya kwanza 2001, ikaingia kikosini 2016, na injini yake bado ni ya Kimarekani. MiG-21 za asili ya Kisovieti, zilizoanza kazi 1963, zilistaafishwa Septemba 2025. Jeshi la anga liliidhinishiwa vikosi 42 vya ndege za kivita na sasa lina takriban 30. Taasisi huenda polepole vilevile. Baada ya vita vya Kargil vya 1999 dhidi ya Pakistan, uchunguzi wa serikali ulipendekeza awepo mkuu mmoja wa kuunganisha majeshi yote, na cheo hicho kilianza kujazwa Januari 2020. Miaka ishirini kati ya kuujua udhaifu na kuurekebisha ni hatari kubwa kuliko upungufu wa silaha yoyote.

Urafiki nao una bei. India imekataa tangu uhuru kujifunga kwa kambi moja, na sera hiyo imeipa nafasi ya kukaa na Marekani, Japani na Australia katika Quad, na papo hapo kukaa na China na Urusi katika Jumuiya ya Ushirikiano ya Shanghai. Inanunua mitambo ya S-400 kwa Moscow na ndege za Rafale kwa Paris. Lakini Agosti 2025 Marekani iliongeza ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50, nusu yake ikiwa adhabu ya kununua mafuta ya Urusi, na Urusi kwa upande wake inazidi kuitegemea China. Majirani wadogo ni mtihani wa karibu zaidi. Bangladesh ilimwangusha waziri mkuu wake, Sheikh Hasina, Agosti 2024, akakimbilia India, na uhusiano ukapoa mara moja kwa kuwa Delhi ilikuwa imeweka mayai yote katika kapu la mtu mmoja. Maldives ilichagua rais aliyeahidi kuwaondoa wanajeshi wa India, na aliwaondoa. Sri Lanka, kinyume chake, ilipofilisika mwaka 2022 ilipata msaada wa karibu dola bilioni 4 kutoka Delhi, na wema huo umefanya kazi ambayo vitisho visingeifanya.

Aprili 2025 India na Tanzania ziliandaa pamoja mazoezi ya kijeshi ya baharini, AIKEYME, yaliyofunguliwa Dar es Salaam na kuzikutanisha nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Komoro na Msumbiji zikiwamo. Ndani ya meli moja ya India mabaharia wa baadhi ya nchi hizo walisafiri pamoja na wenyeji wao, wakifuata bahari ileile ambayo majahazi yalivuka kwa pepo za kaskazi na kusi. Ilikuwa mara ya kwanza India kufanya jambo la ukubwa huo na Afrika baharini. Mazoezi yalifungwa tarehe 18 Aprili. Siku nne baadaye risasi zililia Pahalgam, na macho ya Delhi yakarudi mlimani.